Terraform, OpenTofu, Pulumi au CloudFormation? Namna ya kuzipima kwa wiki moja kabla kampuni haijachagua

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wanaoanza kuhamishia mifumo ya kampuni kwenye wingu ni hili: "Tuchukue zana ipi ya kujenga miundombinu kwa msimbo?" Majedwali ya kulinganisha hayasaidii sana, maana kila zana imewekewa alama ya vema karibu kila mstari. Zote nne zinajenga seva, mtandao na hifadhidata. Utazijua tofauti zake siku umeme unapokatika kazi ikiwa katikati, siku mwenzako anapobadilisha kitu kwa mkono bila kusema, au siku mtu anapobadilisha jina moja tu kwenye msimbo na mpango, yaani orodha ya mabadiliko ambayo zana inataka kufanya, unaonyesha kwamba hifadhidata itafutwa.

Ndiyo maana hapa hutapata jedwali. Utajenga mfumo mmoja mdogo kwa kila zana, utauharibu kwa makusudi, kisha utaandika ilichukua dakika ngapi kuurudisha.

Tunatumia AWS, wingu la Amazon, katika kanda ya Cape Town (af-south-1), iliyofunguliwa mwaka 2020, kwa kuwa kampuni nyingi za Afrika Mashariki huiangalia kwanza. Ukiwa Azure, wingu la Microsoft lenye kanda Johannesburg tangu 2019, weka Bicep, zana yake yenyewe, mahali pa CloudFormation. Ukiwa Google, iliyofungua ya Johannesburg 2024, ujue kwamba huduma yake ya Infrastructure Manager inaendesha Terraform ndani yake, hivyo utabaki na zana tatu za kupima.

Machache ya kujua kwanza

Terraform na OpenTofu ni ndugu wa tumbo moja. Agosti 2023 HashiCorp, kampuni iliyoitengeneza Terraform, iliiondoa kwenye leseni huria na kuiweka chini ya leseni inayokataza kuitumia kutengeneza bidhaa inayoshindana na za kwake. OpenTofu ilichipuka hapo, ikalelewa na Linux Foundation, na toleo lake la kwanza thabiti, 1.6, likatoka Januari 2024. Kampuni inayotumia Terraform kuendesha mifumo yake ya ndani haiguswi na katazo hilo. Ikiwa mnauza huduma ya kuwaendeshea wengine miundombinu, mpeni mwanasheria aisome leseni kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Pulumi hufanya kazi ileile kwa lugha za kawaida za programu kama Python, TypeScript na Go. CloudFormation ni ya AWS yenyewe, na kazi yake hufanyika ndani ya AWS badala ya kwenye kompyuta yako. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Ansible haimo kwenye shindano hili. Ina nguvu katika kusanidi kilichomo ndani ya seva: kusakinisha programu, kuweka faili, kuwasha huduma. Haitunzi kumbukumbu ya ilichojenga kama hizi nne, na kampuni nyingi huitumia pamoja na mojawapo ya hizi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Akaunti ya AWS ya jaribio peke yake, tofauti kabisa na ya kazi. Mtumiaji mkuu awekewe uthibitisho wa hatua mbili.
- Kadi inayokubali malipo ya dola mtandaoni, na bajeti ya tahadhari ya dola 20 kwenye AWS Budgets. Hesabu zake husasishwa mara chache kwa siku, kwa hiyo tahadhari inaweza kufika baada ya pesa kutoka.
- Watu wawili. Mmoja hujenga, mwingine hurekebisha. Mtu mmoja akifanya yote, jaribio limepoteza maana.
- Hazina ya Git yenye folda nne, moja kwa kila zana.
- AWS CLI (programu ya kuendeshea amri za AWS) toleo la 2, Terraform 1.11 au zaidi, OpenTofu 1.10 au zaidi, na Pulumi.
- Siku tano za kazi.
- Data ya kubuni. Usipakie majina wala namba za simu za wateja hata kwa jaribio: sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 za ulinzi wa data binafsi zote zina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na Cape Town ni nje ya nchi.

Ukitumia bando la simu, tengeneza folda ya akiba na uiweke kwenye `TF_PLUGIN_CACHE_DIR` kabla ya kitu kingine chochote. Programu ndogo inayoiunganisha Terraform na AWS hufika mamia ya megabaiti ikishafunguliwa, na bila akiba itapakuliwa upya kwa kila folda. Folda hiyo uiunde wewe, Terraform haitakuundia.

Hatua ya 1: Washa kanda ya Cape Town

Kanda hii haiji ikiwa wazi. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, itafute af-south-1, iwashe, kisha subiri. Inaweza kuchukua dakika kadhaa. Halafu weka `AWS_STS_REGIONAL_ENDPOINTS=regional` kwenye mazingira yako. Tokeni za muda zinazotolewa na mlango wa jumla wa AWS kwa kawaida hazikubaliki katika kanda za kuwashwa kwa hiari, na kosa utakaloliona linasema tokeni ni batili. Wengi hupoteza nusu siku wakibadilisha nywila ambazo hazina kasoro yoyote.

Hatua ya 2: Chora mfumo mmoja, usibadilike

Kila zana ijenge kitu kilekile:

- mtandao binafsi mmoja wenye mitandao midogo minne katika maeneo mawili tofauti ya kanda, yaani Availability Zones (RDS, huduma ya hifadhidata ya AWS, haikubali kundi la mitandao lililo katika eneo moja);
- seva moja ya t3.micro;
- hifadhidata moja ya PostgreSQL, db.t3.micro, gigabaiti 20;
- hifadhi moja ya faili ya S3;
- kanuni za kinga ya mtandao zinazofungua mlango wa 443 tu.

Terraform ipewe anwani za mtandao 10.10.0.0/16, OpenTofu 10.20.0.0/16, Pulumi 10.30.0.0/16, CloudFormation 10.40.0.0/16. Akaunti mpya huruhusiwa mitandao binafsi mitano kwa kanda, na mmoja tayari upo. Minne yako inajaza nafasi zote, kwa hiyo ukiacha hata mmoja wa majaribio ya jana utakutana na `VpcLimitExceeded`.

Usiweke NAT Gateway, njia ya kutokea intaneti kwa seva zisizo na anwani ya umma. Hata kanda ya Virginia, Marekani, ambako bei huwa nafuu, hulipiwa dola 0.045 kwa saa, yaani zaidi ya dola 32 kwa mwezi kabla hujapitisha data yoyote. Anwani ya umma ya IPv4 nayo hulipiwa dola 0.005 kwa saa tangu Februari 2024.

Hatua ya 3: Weka faili la hali mahali salama

Terraform, OpenTofu na Pulumi hutunza faili linaloorodhesha kila zilichojenga. Likipotea, zana haijui tena vitu vyake. Likiwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, kampuni nzima inamtegemea mtu huyo na chaja yake.

Unda hifadhi ya S3 kwa mkono, washa utunzaji wa matoleo ya nyuma, kisha andika:

```
terraform {
  backend "s3" {
    bucket       = "kampuni-hali-jaribio"
    key          = "terraform/msingi.tfstate"
    region       = "af-south-1"
    use_lockfile = true
    encrypt      = true
  }
}
```

Kwa OpenTofu badilisha `key`. Ukinakili bila kubadilisha, itasoma hali ya Terraform na kudhani vitu vilivyojengwa na Terraform ni vya kwake. Maelekezo ya zamani yatakutaka utengeneze jedwali la DynamoDB kwa ajili ya kufuli, yaani kinachozuia watu wawili kuendesha zana kwa wakati mmoja. Kwa matoleo tuliyotaja hapo juu halihitajiki, `use_lockfile` inatosha.

Kwa Pulumi, `pulumi login s3://kampuni-hali-jaribio`. Usipoandika hivyo itakupeleka kwenye huduma yake ya mtandaoni, ambayo ni nzuri, ila hutakuwa umepima vitu vinavyolingana. CloudFormation haina faili la kutunza, AWS inakutunzia.

Onyo: nywila ya hifadhidata ukiiandika kwenye msimbo wa Terraform itakaa wazi ndani ya faili la hali, hata kama skrini inaificha. Faili la mpango uliohifadhiwa nalo huibeba nywila hiyo. Tumia `manage_master_user_password = true` ili RDS iitunze nywila kwenye Secrets Manager, huduma ya AWS ya kutunza siri, kwa dola 0.40 kwa mwezi. OpenTofu tangu 1.7 inaweza kulisimba faili lote la hali, na hii ni sababu halisi ya kuichagua. Pulumi husimba zile thamani ulizozitangaza kuwa siri.

Hatua ya 4: Jenga, ukipima muda

Andika dakika za kuandika msimbo na dakika za kujenga kando kando. Hifadhidata peke yake huchukua dakika kadhaa kwa zana yoyote ile, kwa hiyo usiihukumu zana kwa hilo. Kwa Terraform fanya hivi daima:

```
terraform plan -out=mpango.tfplan
terraform apply mpango.tfplan
```

Hapo kinachotekelezwa ni kile ulichosoma. Pulumi ina `pulumi preview` kisha `pulumi up`. Kwa CloudFormation tumia `aws cloudformation deploy` na `--no-execute-changeset`, usome orodha ya mabadiliko, ndipo utekeleze.

Hatua ya 5: Kata mtandao katikati ya kazi

Hili ndilo jaribio tunalolipa uzito kuliko yote, hasa kwa ofisi ambayo umeme na intaneti huenda na kurudi. Futa mfumo, anza kuujenga upya, na hifadhidata ikiwa inaundwa kwa dakika mbili, zima Wi-Fi. Subiri dakika kumi. Rudia mara ya pili, safari hii ukiua programu yenyewe kwa `kill -9`.

Utakachokiona kwa Terraform na OpenTofu ukikata Wi-Fi: itajaribu kwa muda, itakata tamaa, na ikishindwa kupeleka hali S3 itaacha faili la `errored.tfstate` kwenye folda yako. Usilifute! Mtandao ukirudi, `terraform state push errored.tfstate`.

Ukiua programu kwa nguvu, mambo mawili hubaki. Kufuli linabaki limefungwa, na hifadhidata inaendelea kuundwa kule AWS huku faili la hali halina habari nayo. Ukijaribu tena utapata `DBInstanceAlreadyExists`. Dawa ni kufungua kufuli, kisha kuiingiza ile hifadhidata kwa `terraform import`.

Pulumi hukumbuka kwamba kuna kazi iliyoachwa njiani. `pulumi cancel` hufungua kufuli, na `pulumi refresh` hukuuliza la kufanya na kitu kilichoanza kuundwa.

CloudFormation haitashtuka. Amri ilishafika AWS, na kompyuta yako ikizima, ujenzi unaendelea. Kwa kampuni ya watu wawili iliyo ndani ya AWS tu, faida hii inaweza kuzidi uzuri wote wa zana nyingine. Ukitaka faida kama hiyo kwa Terraform, usiiendeshe kwenye kompyuta ya mezani. Iendeshe kwenye seva iliyo mtandaoni muda wote, au kwenye mfumo unaotekeleza msimbo baada ya kuunganishwa kwenye Git.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kwa mkono

Mtu wa kwanza, yule aliyejenga, aingie kwenye dirisha la AWS na kufungua mlango wa 22 kwa dunia nzima, bila kumwambia wa pili. Kisha wa pili aendeshe mpango.

Hapa kuna mtego ambao hata wazoefu hunaswa. Kanuni za kinga ukiziandika ndani ya `aws_security_group` yenyewe, Terraform itaigundua kanuni ya kigeni na kutaka kuiondoa. Ukiziandika kila moja peke yake, kwa `aws_vpc_security_group_ingress_rule`, haitaiona kabisa, maana inachunguza zile tu ilizoziunda. Jaribu njia zote mbili ulione kwa macho yako.

Pulumi haiangalii hali halisi ya wingu isipoambiwa: `pulumi up` ya kawaida italinganisha msimbo na kumbukumbu yake tu. Ongeza `--refresh`. CloudFormation ina uchunguzi wa mkengeuko (tofauti kati ya msimbo na hali halisi) unaouanzisha mwenyewe, nao hukupa ripoti tu, haurekebishi.

Terraform ina `plan -detailed-exitcode`: 0 ni shwari, 1 ni kosa, 2 ni kuna tofauti. Iwekee ratiba ya kila usiku na itume ujumbe ikirudisha 2.

Hatua ya 7: Badilisha jina la hifadhidata kwenye msimbo

Sio jina la kule AWS. Badilisha lile la ndani ya msimbo, kwa mfano kutoka `kuu` kwenda `msingi`. Tazama mpango, USITEKELEZE. Zana zote nne zitataka kuunda mpya na kuifuta ya zamani, maana kwao jina ndilo utambulisho.

Terraform na OpenTofu zina kipande cha `moved` cha kueleza kwamba kitu ni kilekile. Pulumi ina `aliases`. Kwa CloudFormation hakikisha `DeletionPolicy` na `UpdateReplacePolicy` zote mbili zimeandikwa. Moja haitoshi, ya kwanza hailindi kitu kinapobadilishwa na kipya.

Na hili lisipite: `prevent_destroy` ya Terraform inaishi ndani ya kipande cha msimbo. Mtu akikifuta kipande kizima, ulinzi umekwenda nacho. Kwa Pulumi, `protect` hubaki kwenye faili la hali hata msimbo ukifutwa. Kwa zana yoyote utakayochagua, washa pia `deletion_protection` kwenye hifadhidata yenyewe.

Hatua ya 8: Hesabu gharama za huduma ya usimamizi

Zana zenyewe unaweza kuzitumia bila malipo. Kinacholipiwa ni huduma ya kuzisimamia, kama HCP Terraform au Pulumi Cloud, na zote mbili huhesabu idadi ya vitu unavyovisimamia. Kosa la wengi ni kuhesabu seva. Kila njia ya mtandao na kila kanuni ya kinga iliyoandikwa peke yake ni kitu kimoja. Pata namba halisi:

```
terraform state list | grep -v 'data\.' | wc -l
```

Zidisha kwa idadi ya mazingira yenu, jaribio na kazi, ndipo ufungue ukurasa wa bei.

Hatua ya 9: Amua

Chukua dakika za hatua ya 5, 6 na 7, zile alizotumia mtu wa pili kurekebisha, yule ambaye hakuandika msimbo. Aliyejenga asiguse kibodi wakati huo wala asimnong'oneze.

Maoni yetu ni haya. Mko AWS tu, timu ndogo, mtandao wa ofisi hauaminiki: CloudFormation. Mna AWS pamoja na Cloudflare, GitHub na vingine vya kusimamia mahali pamoja: OpenTofu, isipokuwa tayari mna mkataba na HashiCorp. Watengenezaji programu ndio watakaoutunza mfumo na wanaandika TypeScript au Python kila siku: Pulumi. Msiichague Pulumi kwa timu ya wasimamizi wa mitandao wasioandika programu. Uhuru wa lugha kamili hugeuka msimbo ambao kila mtu anauandika kivyake, na atakayekuja baadaye hatausoma.

Ikigoma

*"Error acquiring the state lock."* Uliza kwanza kama mwenzako anaendesha kitu sasa hivi. Kama hakuna, chukua namba iliyo kwenye ujumbe: `terraform force-unlock NAMBA`. Kulifungua kufuli la kazi inayoendelea ni njia ya haraka ya kuharibu faili la hali.

*Kufuta kunakataa, kunadai `final_snapshot_identifier`.* Kwenye jaribio weka `skip_final_snapshot = true`, tekeleza kwanza, ndipo ufute. Kwenye mfumo wa kazi usiiweke kamwe.

*`BucketNotEmpty`.* Hifadhi ya S3 ina vitu ndani. Itoe vyote, pamoja na matoleo ya nyuma yaliyofichika.

*Stack ya CloudFormation (kundi la vitu inavyovijenga pamoja) imekwama `ROLLBACK_COMPLETE`.* Ujenzi wa kwanza ulishindwa. Haiwezi kusasishwa, ifute na uanze upya. Ikiwa ni `UPDATE_ROLLBACK_FAILED`, tumia `continue-update-rollback`.

*Inafanya kazi kwenye Mac, inagoma kwenye seva ya Linux kwa kosa la alama za uhakiki.* Faili la `.terraform.lock.hcl` lina alama za Mac peke yake. Endesha `terraform providers lock -platform=linux_amd64 -platform=darwin_arm64` kisha uliweke kwenye Git.

*Umefuta kila kitu na bili bado inapanda.* Tafuta nakala za hifadhidata, diski zilizobaki bila seva na anwani za umma. Chagua af-south-1 juu ya dirisha kabla ya kutafuta, kisha angalia na Virginia: amri iliyoendeshwa bila kutaja kanda hutumia kanda ya msingi iliyo kwenye mipangilio yako, ambayo inaweza kuwa hiyo.